Sabuni kwa Ushuhuda

Jumapili, 2 Machi

Zamu ya lango tena. Nimepekua mikoba ya wageni wa kanisa tangu asubuhi mpaka vidole vinanuka marashi ya watu. Miche ya sabuni, pedi, mafuta ya kujipaka: pita. Sufuria ya pilau: rudi. Chakula kilichopikwa nje hakiingii jela, hilo linajulikana. Mama mmoja wa kwaya akanikasirikia, ati namzuilia Roho. Nikamwambia Roho apite, sufuria ibaki.

Ni watu wa Askofu, wale wa hema kubwa njia ya Kapseret. Wanakuja Jumapili kwa Jumapili, na hilo siwanyimi. Wanawake wengi humu ndani walitupwa na ndugu zao siku ile ile waliyofungwa. Sabuni ya serikali haitoshi. Pedi ndiyo usiseme.

Lakini namna wanavyogawa inanichoma. Ukikaa kimya ibadani, kipande cha sabuni. Ukiinua mkono uokoke, mche mzima. Ukisimama mbele na ushuhuda, mche na pedi na mafuta. Na ushuhuda ukiwa mzito, wa damu na majini, Askofu anakushika mkono, kamera inakuja usoni, unaulizwa una haja gani na kanisa lishughulike. Sasa humu watu wameokoka mpaka basi. Kuna mwizi wa kuku wa Langas ambaye ameokoka kila mwezi tangu Krismasi, na kila mara ana dhambi mpya. Leo alikuwa ajenti wa ufalme wa chini ya bahari. Mtoto wa Langas! Bahari aliiona wapi?

Askofu alilia machozi ya kweli. Mimi nilisimama ukutani na kirungu changu. Nimeokoka tangu nikiwa msichana, nasema Amina na wengine, na leo niliona haya kuisema.

Jumatano, 5 Machi

Tumehesabu, hesabu imeshika, uji umenyweka. Jeptoo amerudisha wake nusu.

Huyu ni mahabusu, hajahukumiwa. Mke wa mkulima wa Moiben. Shtaka: kuua mume. Mwanamume alikutwa asubuhi kando ya birika la ng'ombe, kichwa kimepasuka. Serikali inasema alipigwa na jembe. Jeptoo anasema mume alirudi amelewa, akateleza kwenye simiti, na yeye alikuwa ndani amelala na mtoto. Jioni ile walikuwa wamegombana na majirani walisikia. Mimi sijui. Kazi yangu ni kufunga na kufungua.

Mtoto anaitwa Chebet. Yuko darasa la pili. Yuko kwa nyanya yake, mama wa marehemu, na huyo mama amekataa katakata kumleta hapa. Jeptoo hajamwona tangu siku ya kushikwa. Akisikia watoto wa shule wakipita nyuma ya ukuta, anaacha anachofanya, anasimama.

Ombi lake la bondi liko mbele ya jaji. Afisa wa probesheni alienda Moiben kuuliza familia na majirani kama anaweza kurudi nyumbani kungoja kesi. Wakili aliyepewa na serikali anasema mambo si mabaya. Hata mama mkwe alisema hana neno, korti iamue.

Kwa nini naandika haya yote? Kwa sababu leo nimemkuta Jeptoo kwenye kamba za nguo, amekaa miguuni pa Mama Shiro. 

Mama Shiro ni mfungwa wa maisha, na ndiye fundi wa ushuhuda. Anakufundisha uanzie sauti ya chini, ulie katikati, umalize na Haleluya kabla watu hawajachoka. Malipo yake ni robo ya mche utakaopata. Yeye mwenyewe haamini kitu. Anasema yeye na Mungu waliachana siku korti ilipompa maisha, na kila mmoja alichukua vyombo vyake.

Kumbe Askofu ametangaza: mwanamke ambaye ushuhuda wake utatikisa watu, gari la kanisa litamletea watoto wake hapa hapa. Jeptoo anataka Chebet.

Nimemwita kando. Nikamwambia: kesi yako bado iko hai, funga mdomo wako. Akaniangalia kwa upole kama mimi ndiye mjinga. "Afande, kanisani si kortini."

Jumapili, 9 Machi

Nimekasirika mpaka kalamu imetoboa karatasi.

Jeptoo alianza pole pole. Alikuwa na hasira, akasema. Alikuwa hasali. Askofu akamkatiza: "Dada, hiyo ni homa tu. Tupe ugonjwa wenyewe." Watu wakacheka. Nikamwona Jeptoo akimtafuta Mama Shiro kwa macho. Halafu akafumba macho na kusema alichukua jembe. Alimpiga mume wake mara moja, akaanguka, akamwacha hapo kwa birika, akarudi kulala. Lakini Yesu amemsamehe.

Ukumbi ulilipuka. Vigelegele, kinanda, watu wameanguka chini. Askofu akapiga magoti na suti yake nyeupe. Kamera ilikuwa karibu na uso wa Jeptoo kiasi kwamba angeipiga busu. Una haja gani, dada? "Nataka kumwona mtoto wangu." Wakapiga makofi kwa hilo pia.

Niliyaona midomoni mwake, yale si maneno yake. Nimekaa na wauaji miaka mingi. Aliyeua kweli hukwama kwenye kitu kidogo: rangi ya shati, mbwa aliyekuwa akibweka. Hasemi moja kwa moja kama anayesoma tangazo.

Nilitaka kuvuta ile waya ya maikrofoni. Kwa amri ya nani? Madam, mkubwa wetu, alikuwa ameketi mstari wa mbele akipangusa macho.

Jumatatu, 10 Machi

Jeptoo ana mche wa sabuni na anaimba. Ameuliza kama Jumamosi, siku aliyoahidiwa gari la kanisa, ni mbali.

 Mvua haijaanza, vumbi tupu, kichwa kinauma.

Alhamisi, 13 Machi

Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni.

Niko nyumbani kwa laini za askari, nakaanga sukuma, simu ikalia. Kikundi cha wosap cha akina mama wa kanisa letu Langas. Klipu. Uso wa Jeptoo, na maandishi mekundu juu yake: MUUAJI WA MOIBEN AKIRI MBELE ZA MUNGU. Aliyetuma ni mwalimu wa Sunday school. Chini yake, Amina, Amina, Amina, mikono ya kuomba, mioto.

Niliandika: Huyu mtu hajahukumiwa. Futeni. Dakika hiyo hiyo nikajibiwa: Dada Nekesa, usiwe kizuizi cha injili.

Kizuizi! Mimi nimefagia kanisa lile. Nimepika chai ya harusi zao na matanga yao. Nimejitoa kwenye kikundi. Sukuma imeungua na sijali.

Nani aliwapa ruhusa ya kumuuza mtu hivi? Wanaambiwa wawatembelee walio kifungoni. Hawakuambiwa waje na kamera.

Jumanne, 18 Machi

Leo nilimpeleka Jeptoo kortini mimi mwenyewe.

Bondi imekataliwa.

Jaji alisema wazi hatazami klipu kama ushahidi wa mauaji. Ungamo la namna ile halikubaliki kortini, na wakili alishatikisa kichwa kukubali nikadhani tumepona. Kumbe kuna ripoti ya pili. Afisa wa probesheni alirudishwa Moiben baada ya klipu kuenea. Majirani ambao mwanzoni hawakuwa na neno sasa wanasema akionekana pale watachoma nyumba. Mama mkwe alimwambia afisa asimtajie tena jina la huyo mwanamke. Kwa hiyo jaji anasema ni kwa usalama wake mwenyewe. Akae ndani mpaka kesi isikizwe, na kesi ni baada ya miezi.

Jeptoo hakulia pale kizimbani. Alilia wakili alipomwambia lile lingine. Binamu fulani alimwonyesha Chebet klipu kwenye simu. Sasa mtoto akiulizwa mama yako yuko wapi, ananyamaza.

Watu wa Askofu walikuwa wameenda kumchukua na gari lao, kama walivyoahidi. Nyanya aliwafungulia mbwa.

Ndani ya lori, tukirudi, aliniambia jambo moja tu. "Afande, nimemdanganya Mungu. Na nilikuwa nimeshika maikrofoni."

Usiku sijaomba. Nilipiga magoti kwa mazoea, nikainuka. Ningesema nini? Mungu mwenyewe alikuwa pale ukumbini, kama kweli yupo kila mahali. Aliona.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeenda ofisini kwa Madam. Kofia kichwani, saluti, kila kitu kwa utaratibu.

Nilimwambia ushuhuda humu ni wa kupikwa, kila mtu anajua, hata paka wa jikoni anajua. Nikamwomba amwandikie Askofu aitoe ile klipu, na kamera zisiingie tena. Alinisikiliza. Si mtu mbaya, Madam. Ndiyo sababu inaumiza. Akanionyesha dirishani: wanawake wamepanga foleni na ndoo, mifereji imekauka tena. Askofu ameahidi kutuchimbia kisima. Akasema, Nekesa, unataka nimwambie asije, halafu hawa waoge na nini?

Nikasema wanaweza kukosa maji wiki moja. Jina likiharibika haliogeshwi.

Akauliza kama napenda joto. Nikajua ananitishia uhamisho wa Lodwar, kule jangwani. Nikapiga saluti, nikatoka.

Kinachonikera zaidi ni kwamba sina jibu kuhusu maji.

Jumamosi, 22 Machi

Mama Shiro amegoma kufundisha. Yule mwizi wa kuku alienda kwake na robo ya sabuni mkononi, akafukuzwa na matusi. Amekaa kwenye kamba za nguo mgongo ukiwa umegeukia watu.

Nilipita nikamwuliza ana nini. Akasema yeye alidhani anawauzia wale watu hadithi wanazozipenda. Hakujua kuna mtu nje anaziamini.

Jumapili, 23 Machi

Wamekuja na kamera mbili leo. Askofu alitaka Jeptoo asimame atoe shukrani. Shukrani ya nini? Mtoto hajaletwa! Lakini klipu ilienda mbali, wageni wamejaa kutoka hata Nakuru kuja kumwona muuaji aliyeokoka. Walimsukuma mbele, wakampa maikrofoni.

Akasema: "Sikumuua."

 Kinanda kilikuwa kimeanza kupiga, kikakatika.

Akarudia. Akasema: siku ile nilisema uongo ili niletewe mtoto. Mume wangu sikumgusa. Naomba Mungu anisamehe uongo wa hapa madhabahuni, kwa sababu uovu ule mwingine sikuufanya.

Hakuna aliyesema Amina. Watu wale wale waliogaragara chini aliposema ameua, sasa walimtazama kama amewaibia. Askofu akacheka kidogo, akasema shetani anarudi na wenzake saba kwenye nyumba aliyofukuzwa. Akanyoosha mkono apokonye maikrofoni, Jeptoo akarudi nyuma. Ndipo Askofu akanigeukia mimi. "Askari, mtoe huyu!"

Sikuenda.

Naandika tena nilisome mwenyewe: sikuenda. Nilisimama pale ukutani, nikaangalia ukuta wa pili. 

Mama Shiro akainuka. Alisema kwa sauti yake ya kawaida, bila maikrofoni, kwamba yale maneno ya jembe aliyatunga yeye, na ya chini ya bahari pia ni yake, na ya jini la Kapsabet. Halafu mwizi wa kuku akasimama: mimi sijawahi kufika baharini, niliiba kuku wawili na jogoo. Mwingine: mimi sijala nyama ya mtu. Mwingine: mimi mchawi sikuwa, nilikuwa nauza pombe ya chang'aa. Walisimama mmoja mmoja, wengine wanacheka, wengine wanalia, wanarudisha dhambi ambazo si zao. Mama mmoja mzee wa nyuma akasema yeye alichotubu kilikuwa cha kweli, na bado anakitubu, akaketi. Nilitokwa na machozi hapo.

Kamera zilikuwa zimezimwa zamani. Wageni wakabeba katoni zao za sabuni, na kinanda, wakaondoka.

Baada ya miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza nimekuwa kanisani ndani ya hii jela.

Jumatatu, 24 Machi

Madam: maelezo kwa maandishi, kwa nini nilikaidi agizo. Nimeandika mstari mmoja. Askofu si mkubwa wangu wa kazi.

Wodini kuna minong'ono. Sabuni imeisha na wengine wanamlaumu Jeptoo. Amemwagiwa ndoo ya maji machafu kwenye godoro. Hasira yao naielewa na bado nimewafokea mpaka koo limekauka.

Klipu bado iko. Ya kuungama, kila mtu anayo. Ya kukana haipo popote.

Ijumaa, 28 Machi

Kesho niko mapumziko. Naenda Moiben.

Sheria haipendi askari jela aende nyumbani kwa mahabusu. Najua. Siendi na sare na siendi kwa kazi. Jeptoo hakunituma, hata hajui.

Nimeomba leo, lakini kwa ukali, kama mtu anayedai.

Jumamosi, 29 Machi

Mvua ya kwanza imewanyeshea Moiben. Matrekta kila shamba, watu wanakimbizana na kupanda. Niliuliza njia pale kituo cha matatu, nikajuta, maana aliyenielekeza aliniuliza kama mimi ni wa ile klipu.

Mama mkwe alikuwa kibarazani anachambua mbegu ya mahindi. Mrefu, mkavu, gamboti miguuni. Mbwa alinguruma akamnyamazisha. Nikamwambia mimi ni nani bila kuzunguka. Nilidhani atanifukuza. Aliingia ndani akaniletea mursik, maziwa yaliyogandishwa, kibuyu kizima, akaketi kungoja nimalize. Mgeni hafukuzwi na tumbo tupu, hata awe nani.

Nikamweleza yote: sabuni, Mama Shiro, ahadi ya gari, na jinsi Jeptoo alivyosimama akakana. Alisikiliza huku vidole vikitenga mbegu mbovu. Halafu akaniuliza: "Huko kwenu mtu akisema ameua anapewa sabuni. Akisema hajaua anapewa nini?"

"Hapewi kitu, Mama. Amemwagiwa maji machafu kitandani."

 Akasema yeye anaenda kanisani kila Jumapili, amebatizwa na wazungu, lakini maneno ya kanisani yamekuwa mengi na watu hawayaogopi tena. Anachoogopa mtu wa kwao ni muma. Hicho ni kiapo cha wazee wa Kikalenjin. Ukiapa muma kwa uongo, kifo hakikuchukui wewe peke yako, kinaandama ukoo wako mpaka kiwamalize. Yule mwanamke ameshasema ndiyo na ameshasema hapana. Je, atakula muma? Alambe udongo wa kaburi la mwanangu, aseme hakumuua. Akikubali, nitamleta Chebet.

Mimi nimeokoka, na nywele zilinisimama. Nilitaka kumwambia hayo ni mambo ya giza. Sikuweza. Kortini nimeona watu wakishika Biblia na kudanganya mchana kweupe, halafu wakaenda kula chapati. Huyu mama alikuwa akitafuta tu neno moja ambalo mtu hawezi kulichezea.

Chebet alikuwa nyuma ya nyumba na ndama. Alinichungulia, akajificha. Ana paji la uso la mamake.

Jumatano, 2 Aprili

Nilingoja zamu ya wodi mpaka jana ndipo nimwambie Jeptoo. Nilianza kuzunguka, nikitafuta maneno. Kwamba si lazima, kwamba ni mila, kwamba yeye ni Mkristo, kwamba afikirie.

Hakuningoja nimalize. "Nitakula. Aje hata leo."

Nikamkumbusha maana yake. Nikamtajia mtoto. Akasema, "Najua, Afande. Mimi ni wa huko."

Niliyekosa usingizi ni mimi. Nimekesha nikimbishia Mungu. Kama hakuua, kwa nini anaachwa athibitishe kwa udongo? Na kama aliua? Hilo nalo liliingia, sitalificha hapa. Kama aliua, mimi ndiye nimeileta hiyo laana mlangoni kwa yule mtoto. Halafu nikajikasirikia: si siiamini muma? Mbona basi nina jasho?

Asubuhi Madam amepita bila kunisalimia. Barua ya uhamisho bado.

Jumamosi, 5 Aprili

Nilituma neno Moiben, na leo walikuja. Niliwapekua mwenyewe langoni. Kwenye kona ya leso ya nyanya kulikuwa na fundo, ndani yake udongo mwekundu. Mwenzangu akaniuliza hiyo ni nini. Nikasema ni udongo, na udongo haukukatazwa.

Chumba cha wageni kilikuwa karibu kitupu. Mvua ilikuwa inapiga mabati. Jeptoo aliingia, akamwona Chebet, akasimama mahali pale pale. Mtoto alijibana kwenye rinda la nyanya yake, hakumwangalia.

Nyanya hakusalimu. Alifungua fundo, akautandaza udongo kiganjani. Jeptoo akapiga magoti bila kuambiwa. Aliushika ule mkono kwa mikono yake miwili, akainamisha kichwa, na ulimi tayari ulikuwa umetoka.

Nyanya akafunga kiganja.

Jeptoo akavuta vidole vyake, anataka kuvifungua. Nyanya akasema kitu kwa Kikalenjin, halafu akakirudia kwa Kiswahili, sijui kwa ajili yangu au kwa ajili yake mwenyewe: "Wacha. Mtoto ni wa ukoo huu huu."

Sijui kama alikuwa amemwamini au aliogopa. Nimelifikiria mchana wote. Labda naye hajui. Aliufunga udongo tena kwenye leso, akakaa kwenye benchi, na uso wake ulikuwa umechoka sana. Akamsukuma mtoto mbele kidogo kwa kiganja kile kile.

Chebet alisimama katikati ya chumba. Akauliza, "Mama, ulimpiga baba?"

"Sikumpiga."

"Kwa nini ulisema ulimpiga?"

"Nilitaka kukuona."

Mtoto alifikiria hilo. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye nywele. Kisha akaenda mpaka kwa mamake, akasimama mbele yake, karibu kabisa, mikono chini.

"Si basi sasa unaniona," akasema.

Muda wa wageni uliisha nikiwa pale mlangoni. Sikuwaambia.